Kompyuta na Terminali za Zamani Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa aliyepata, anayetengeneza, au anayetaka kununua na kuuza mashine za miaka ya 1970 hadi 1990 huku visiwani: kompyuta, na terminali, yaani skrini na kibodi zinazotegemea kompyuta nyengine. Maelezo mengi ya mashine hizo yaliandikwa kwa nchi za baridi na hewa kavu. Hapa kuna chumvi hewani, kuna masika, kuna mijusi, na umeme unapanda na kushuka. Kwa hivyo kazi zile zile hufanywa kwa mpangilio mwengine.

Nimepata kompyuta iliyokaa darini miaka kumi na zaidi. Niichomeke nione kama inawaka?

Hapana. Mashine nyingi hufa siku ile ile mwenyewe anapotaka kujua kama ni nzima. Unyevu umeshaingia kwenye kapasita, kutu imeziba soketi, pengine mjusi amekaukia juu ya saplai ya umeme. Ukiipa volti 230 ghafla, kosa dogo la kufuta kwa brashi linakuwa chipu zilizoungua.

Fungua kasha kwanza na uangalie kwa tochi. Tafuta betri iliyovuja (unga wa kijani au buluu karibu nayo), kapasita zilizovimba au kupasuka, na kinyesi cha mjusi. Mjusi kafiri hupenda saplai kwa sababu ya joto lake, na mara nyingi utakuta mayai mawili meupe yamegandishwa kwenye pembe. Kinyesi chake kikipata unyevu hupitisha umeme na hula njia za shaba. Kitoe kwa kijiti cha mbao, halafu safisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi, na nyengine zina mafuta yanayobaki juu ya bodi.

Baada ya kusafisha, ikaushe. Iweke mashine kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli nusu kilo, kwa wiki nzima. Usiianike juani ikiwa wazi: chipu za EPROM (za kuhifadhi programu) zenye dirisha la kioo hufutwa na jua la moja kwa moja kwa muda wa wiki moja hivi. Dirisha likiwa halina kibandiko, liweke kipya kabla ya kufanya jambo jengine lolote.

Kisha ichomoe saplai kutoka kwenye bodi, na uijaribu peke yake kwa globu.

Globu gani hiyo?

Ni globu ya kizamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa moto. LED haifai, wala ile ya kubana matumizi. Unahitaji kishikilia globu, soketi moja ya ukutani, swichi, kipande cha ubao, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Waya wa moto (kahawia) unatoka kwenye plagi, unapita kwenye swichi, unapita kwenye globu, ndipo unafika kwenye soketi. Waya wa buluu na ule wa kijani na njano huenda moja kwa moja.

Chomeka saplai kwenye soketi hiyo na uwashe. Globu ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita kubwa imejaa na mambo yanakwenda vizuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani: zima. Ikiwa inamulika na kufifia, inamulika na kufifia, saplai inajaribu kuanza lakini haipati umeme wa kutosha. Weka globu kubwa zaidi. Saplai nyingi za swichi (zile nyepesi, zisizo na transfoma kubwa ya chuma) pia hazianzi bila mzigo, kwa hivyo ipe rezista ya nguvu au diski mbovu ambayo huna haja nayo.

Kumbuka kuwa globu inalinda mashine. Wewe haikulindi. Ndani ya saplai mna volti zaidi ya 300 za DC hata globu ikiwa imefifia.

Mashine ilifanya kazi dakika ishirini, kisha ikatoa moshi mweupe wenye harufu kali. Imekufa?

Mara nyingi haijafa. Ukiwa na BBC Micro, au mashine yoyote ya Ulaya ya wakati ule, mkosaji wa kwanza ni kapasita ya karatasi iliyo mbele kabisa kwenye saplai, ya rangi ya asali inayoonyesha ndani, yenye jina RIFA. Kazi yake ni kuchuja kelele za umeme. Gamba lake hupasuka kwa uzee, mipasuko midogo kama ya kigae cha chungu. Unyevu unaingia, karatasi inavimba, na siku ikipata volti 230 inaungua. Uingereza inaweza kukaa miaka na mipasuko hiyo. Hapa, karibu na bahari, haisubiri.

Badilisha kabla haijatoa moshi, hata kama inaonekana nzima. Kwenye BBC Micro kuna mbili: moja ya mikrofaradi 0.1 na nyengine ya 0.01. Weka za plastiki za daraja la X2, volti 275 AC. Herufi X2 si ya hiari: kapasita ya kawaida, hata ikiandikwa volti 400, haikutengenezwa kukaa juu ya umeme wa ukutani. Pima nafasi kati ya miguu kabla ya kuagiza. Moshi wenyewe huacha mafuta ya kahawia. Yafute kwa isopropili, maana yakikaa hunasa vumbi na unyevu.

IBM PC ya 1981 na XT ya 1983 zina ugonjwa wa jamii hiyo lakini mahali pengine: kapasita za tantalamu, vidonge vidogo vya rangi ya manjano au buluu kwenye bodi. Ile ya njia ya volti 12 inapiga shoti, na saplai inakataa kuwaka kabisa. Pima ukinzani kati ya volti 12 na graundi (waya mweusi). Ukipata karibu na sifuri, nyanyua mguu mmoja mmoja hadi shoti ipotee.

Betri imevuja. Nisafishe kwa nini?

Inategemea betri. Pipa dogo la buluu au kijani lenye volti 3.6, lililo kwenye bodi nyingi za PC za 386 na 486 na kwenye kadi ya kuongezea kumbukumbu ya Amiga 500, ni la nikeli na kadimiamu. Linachovuja ni alkali, kwa hivyo siki nyeupe ndiyo dawa yake. Kata betri uitoe, pakaa siki kwa mswaki, subiri dakika tano, sugua, kisha suuza kwa maji safi yasiyo na madini na umalizie kwa isopropili. Ndimu pia ina asidi, lakini huacha sukari na nyuzi. Siki ni bora.

Betri fupi ya lithiamu ya volti 3.6, ya kwenye Macintosh nyingi, huvuja asidi. Hapo siki inazidisha balaa; tumia magadi ya kuumulia keki yaliyokorogwa na maji.

Tahadhari ya maji: madukani "maji ya betri" huweza kuwa maji yaliyosafishwa au asidi ya kujazia betri ya gari. Soma chupa, uliza, usinunue kwa kuangalia rangi.

Baada ya kusafisha, pima njia moja moja kwa mita. Alkali hutambaa chini ya rangi ya kijani ya bodi na kuila shaba bila kuonekana. Njia iliyokatika huunganishwa kwa waya mwembamba wa robo milimita, ulehemiwe kwenye mguu wa chipu huku na huku. Kwenye bodi za 486 kinachoathirika mwanzo ni sehemu ya kibodi, kwa kuwa chipu yake iko jirani na betri. Ukiona mashine inawaka lakini haisikii kibodi, anza hapo.

Ni mashine gani hupatikana huku, na kwa nini za kale kabisa ni adimu?

Kompyuta ya kwanza nchini ilikuwa ICT 1500, iliyofungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Ndiyo maana mnada wa ofisi au skuli huku hutoa zaidi PC za 286, 386, 486 na Pentium, na printa za nukta.

Za nyumbani zilikuja kwa mikono ya watu: ZX Spectrum, Commodore 64, BBC Micro na Amstrad kutoka kwa jamaa wa Uingereza. Waliokuwa Ghuba waliweza kukutana na Sakhr, kompyuta za MSX zenye herufi za Kiarabu zilizouzwa na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait. Ukikuta Sakhr yenye kibodi kamili, usiiache. Ina thamani kwa wakusanyaji, na huku bado wapo wanaosoma kibodi yake bila kamusi.

Commodore 64 yangu ni nzima. Naweza kutumia saplai yake ya asili?

Usiitumie. Ile saplai nzito iliyojazwa gundi ngumu haina njia ya kupumua, na ikiharibika volti 5 zake hupanda badala ya kushuka. Chipu za kumbukumbu ndizo za kwanza kufa. Ukitaka kuipima, plagi ya pini saba ina volti 5 DC kwenye pini ya 5, graundi kwenye pini ya 2, na volti 9 AC kati ya pini 6 na 7. Ikizidi 5.2 iweke kando. Ikisoma 5.0 leo, bado haikuahidi kesho, hasa chumba kikiwa na joto la nyuzi 32.

Tafuta mpya iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au unda yako: adapta nzuri ya volti 5 ampea 3, pamoja na transfoma ya volti 9 AC ya ampea 1. Zote mbili lazima ziwepo.

ZX Spectrum ina mtego wake: inataka volti 9 DC na katikati ya plagi ni hasi, kinyume cha adapta nyingi za sasa. Ukiichomeka adapta ya rauta, umeigeuzia umeme.

Mashine imetoka Marekani. Nifanyeje?

Angalia nyuma ya saplai. Kukiwa na swichi nyekundu ya 115/230, igeuze iwe 230 kabla ya kuigusa plagi. Ikiachwa kwenye 115, kapasita kubwa hupasuka kwa mlio wa bunduki. Kusipokuwa na swichi, nunua transfoma ya kushusha hadi volti 110, yenye uwezo wa mara mbili ya wati za mashine.

Tatizo la pili ni masafa. Umeme wao ni hezi 60, wetu 50. Saplai ya swichi haijali. Transfoma ya chuma iliyotengenezwa kwa hezi 60 hupata joto zaidi kwenye 50, kwa hivyo ishike kwa mkono baada ya nusu saa, ikikuunguza, usiendelee. Terminali ya VT100 ina mpangilio wa 50 au 60 ndani ya menyu yake, na usipoulinganisha picha hutetemeka.

Plagi mpya za pini tatu huuzwa na fyuzi ya ampea 13. Fyuzi hiyo ni ya pasi na birika. Kwa kompyuta weka ya 3, kwa monita kubwa ya rangi weka ya 5.

Nikigusa kasha la chuma linanishtua kidogo kidogo.

Soketi yako haina waya wa ardhi, jambo la kawaida kwenye nyumba kongwe za Mji Mkongwe. Kichujio cha saplai kina kapasita mbili ndogo zinazokutana kwenye kasha. Ardhi isipokuwepo, kasha hukaa kwenye nusu ya umeme, kama volti 115, kwa mkondo mdogo sana. Huo hauui mtu. Lakini ukichomeka waya wa data kati ya mashine mbili za namna hiyo, chipu za mawasiliano huungua. Mwite fundi umeme akufungie ardhi ya kweli. Kuunganisha pini ya ardhi na ile ya nyutro ni hatari ya kufa.

Umeme ukikatika na kurudi, nifanye nini?

Chomoa plagi mara unapokatika. Ukirudi subiri dakika kumi, kwa sababu dakika za mwanzo friji na pampu zote za mtaa huanza pamoja na volti huyumba. Kilinda friji chenye kuchelewesha kinafanya kazi hiyo vizuri, kwa bei ndogo.

Mashine iliyotoka ofisini ichunguzwe varista yake, kidude cha duara kama sarafu kwenye mlango wa umeme. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikuwa bila umeme wa waya wa baharini, na vifaa vya maofisini viliendeshwa kwa jenereta. Varista iliyomeza mishtuko mingi hubadilika rangi au hupasuka. Weka mpya ya volti 275 AC.

Nimepata terminali ya DEC au Wyse. Nitaiunganishaje na kompyuta ya leo?

Kwanza hakikisha ina kibodi yake. Kibodi ya Wyse haifanyi kazi kwenye DEC hata plagi ikifanana, na kibodi ya PC haihusiki kwenye terminali nyingi za wakati ule. VT220 ya DEC inataka kibodi ya LK201.

Jaribio la kwanza halihitaji kompyuta. Iwashe, na kwenye tundu la pini 25 unganisha pini 2 na pini 3 kwa kipande cha waya. Andika. Herufi zikitokea kwenye skrini, na zikapotea ukitoa waya, terminali inatuma na inapokea. Umeshajua kuwa tatizo lolote baada ya hapo ni la waya au la mipangilio.

Kisha tengeneza waya. Adapta ya USB huwa na pini 9: pini 2 inapokea, 3 inatuma, 5 ni graundi. Terminali ya pini 25: 2 inatuma, 3 inapokea, 7 ni graundi. Kwa hivyo unganisha 2 kwa 2, 3 kwa 3, na 5 kwa 7. Nyaya tatu zinatosha.

Kabla ya kuchomeka ipime adapta yenyewe. Ikiwa imetulia, pini 3 ikilinganishwa na pini 5 isome volti hasi, kati ya −5 na −12. Ikisoma +3.3 au +5, adapta hiyo ni ya vifaa vidogo na itahitaji chipu ya MAX3232 katikati ya kubadilisha volti. Na usichomeke kamwe pini za Raspberry Pi moja kwa moja. RS-232, mfumo wa mawasiliano wa terminali hizi, ina volti ambazo pini hizo haziwezi kuzibeba.

Kwenye VT220 bonyeza F3 kuingia kwenye mipangilio. Kwenye Wyse 60 ni Shift na Select. Weka kasi 9600, biti 8, bila pariti (biti ya kuhakiki), stopu 1, na XON/XOFF (ishara za "subiri" na "endelea") iwe imewashwa. Upande wa Linux:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 cs8 -parenb -cstopb ixon -crtscts
echo "Habari za Pemba" > /dev/ttyUSB0

Maneno yakitokea, fungua mlango wa kuingilia:

sudo agetty -L ttyUSB0 9600 vt220

Herufi zinatoka ovyo.

Zikiwa ovyo zote, kasi hailingani. Zikiwa baadhi ni sahihi na baadhi ni alama za ajabu, pariti hailingani: upande mmoja ni biti 7 na pariti, mwengine ni biti 8 bila pariti. Zikiwa sahihi mwanzoni kisha mistari ikaanza kukosekana kwenye maandishi marefu, terminali inazidiwa na XON/XOFF imezimwa upande mmoja. Na skrini ikiganda kabisa, kabla ya kufungua kitu angalia kama mtu amebonyeza F1 kwenye kibodi ya DEC, au Ctrl-S (hii Ctrl-Q huiachia).

Skrini ina madoa meupe ya duara kama koga, lakini hayafutiki.

Yako ndani. Terminali nyingi, VT100 na VT220 zikiwemo, zina kioo cha usalama kilichogandishwa mbele ya tyubu kwa gundi, na gundi hiyo huoza kuanzia pembeni. Ni mtoto wa jicho wa mashine. Picha chini yake huwa nzima. Kukitoa kioo ni kazi ya saa nyingi: maji ya moto au waya unaopata joto, gundi ilainike, kioo kichomoke polepole, kisha gundi ikwanguliwe. Ukiharakisha unavunja tyubu. Kama madoa hayajafika kwenye maandishi, ushauri wetu ni kuiacha na kuitunza pakavu.

Nikifungua monita nitakufa?

Unaweza, ukifanya pupa. Chini ya kikombe cha mpira juu ya tyubu kuna volti elfu kumi na zaidi, kwenye tyubu ya rangi hufika 25,000, na hubaki baada ya kuzima. Chomoa, subiri nusu saa. Unganisha waya wenye klipu kutoka kwenye bisibisi bapa ya mpini mrefu hadi kwenye msuko wa waya unaozunguka mgongo wa tyubu, si kwenye graundi ya bodi. Mkono mmoja mgongoni, viatu vya mpira miguuni. Penyeza ncha chini ya kikombe hadi iguse chuma. Utasikia mlio mdogo. Rudia baada ya dakika tano, maana tyubu hujikusanyia tena. Shingo ya tyubu isigongwe. Ni nyembamba kama gamba la yai.

Huku kwetu chumvi hukaa juu ya kikombe na waya wake, na msimu wa unyevu utasikia mchirizi na kuona cheche za zambarau gizani. Kabla ya kulaumu flaibaki (transfoma ya volti kubwa), safisha eneo lote kwa isopropili na uliache likauke siku nzima.

Diski zangu zina ukungu. Nitapoteza data?

Usizitie kwenye draivu. Ukungu hukwaruza diski, huganda kwenye kichwa, kisha kichwa kinakwaruza diski inayofuata. Diski ya inchi 3.5 sogeza kifuniko cha chuma, izungushe kwa kitovu chake, na ufute kwa pamba yenye isopropili, kutoka katikati kwenda nje. Ya inchi 5.25 ikate bahasha kwa juu, itoe, ifute pande mbili, iache ikauke, itie kwenye bahasha safi. Rangi ya kahawia ikibaki kwenye pamba, acha kufuta: data yenyewe inatoka.

Soma mara moja tu, kwa kifaa kama Greaseweazle kinachonakili sumaku yenyewe, hata sehemu zenye hitilafu. Safisha kichwa baada ya kila diski chafu. Kwa matumizi ya kila siku weka Gotek (kifaa kinachoshika nafasi ya draivu ya flopi) yenye programu ya FlashFloppy, inayosoma faili kutoka kwenye kijiti cha USB.

Draivu za inchi 3 za Amstrad CPC 6128 na PCW 8256 zina mkanda wa mpira ambao kwa joto letu hugeuka kama lami. Futa lami yote kwenye magurudumu kabla ya kuvisha mpya. Ikibaki kidogo, kasi inayumba.

Niihifadhi vipi wakati wa masika?

Kipimo cha unyevu cha bei ndogo ndicho kifaa chenye faida kuliko vyote. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Nje wakati wa masika hupita 80. Masanduku yanayobana, silika jeli nusu kilo kwa sanduku la lita 60, na kila ikibadilika rangi uikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele hauisaidii mashine: unafyonza kidogo na unaita wadudu.

Sanduku lisiguse sakafu wala ukuta wa mawe na chokaa, kwa sababu ukuta wa namna hiyo hupumua maji. Mashine ikitoka chumba cha AC kwenda nje, ifunge kwenye nailoni na usiiwashe kwa saa tatu. Umande hutanda juu ya bodi kama unavyotanda juu ya chupa ya soda.

Plastiki imekuwa njano.

Krimu ya peroksaidi ya asilimia 12 ya saluni, ipakwe sawasawa, ifunikwe nailoni, na jua. Anza saa mbili asubuhi, maliza kabla ya saa tano, maana jua la mchana wetu hupinda kasha. Geuza na upake upya kila nusu saa, ama sivyo itatoka na mabaka. Vaa glavu. Njano hurudi baada ya miaka, kwa hivyo kasha la rangi iliyotulia liache lilivyo.

Vipuri hupatikana wapi?

Kapasita, fyuzi, rezista na chipu za mfululizo wa 74 zipo kwa mafundi redio wa Darajani na Mlandege, na usipozipata, Kariakoo. Chipu maalumu huagizwa nje. Hapo jihadhari: chipu ya sauti ya Commodore 64, SID 6581, imejaa bandia zilizoandikwa upya. Pitisha asetoni juu ya maandishi, yakifutika, rudisha. Prosesa ya Z80 ya asili haitengenezwi tena tangu 2024, lakini zilizopo ni nyingi. Usitupe bodi mbovu ya jamii yoyote. Soketi na kumbukumbu zake ndizo vipuri vya kesho.

Nauza. Niseme nini kwa mnunuzi?

Sema ulichokiona kwa macho. "Inawaka" na "inafanya kazi" ni mambo mawili: taa kuwaka ni inawaka, kusoma diski, kuandika kila herufi ya kibodi na kukaa saa mbili bila kuzima ni inafanya kazi. Kama hujaijaribu, sema hujaijaribu, na uiuze kwa bei ya mbovu. Piga picha ya bodi, si ya kasha tu. Mnunuzi mjuzi anaangalia pembe ya betri kwanza. Kifaa kilichotoka ofisini au skuli kiwe na karatasi ya mnada au stakabadhi, la sivyo usikiguse.

Naisafirisha kwa boti, Unguja hadi Pemba au Dar es Salaam.

Toa kadi nzito na uzifunge mbali. Draivu ya flopi itie kipande cha kadibodi. Diski ngumu kama Seagate ST-225 haiegeshi vichwa vyake yenyewe. Endesha programu ya kuegesha kabla ya kuzima mara ya mwisho. Monita ilale uso chini juu ya sponji ya sentimita tano au zaidi, maana uso ndio sehemu ngumu ya tyubu. Nailoni kwanza, silika jeli ndani yake, kisha katoni mbili moja ndani ya nyengine. Isiwekwe sitahani: maji ya bahari yakiingia, chumvi huanza kazi kabla ya kufika Mkoani. Ikiwa yameshaingia, usikaushe kwanza; suuza chumvi yote kwa maji yaliyosafishwa, ndipo ukaushe.

Terminali hizi zinaweza kuandika Kiswahili?

Kikamilifu. Kiswahili cha herufi za Kirumi hakina alama juu ya herufi, kwa hivyo terminali ya biti 7 ya mwaka 1978 inaandika kila neno letu, jambo ambalo Mfaransa na Mjerumani hawakulipata bila marekebisho. Kitu kimoja tu: ng' inataka alama iliyonyooka, namba 39. Maandishi yaliyotoka kwenye simu huja na alama iliyopinda, ambayo iko nje ya namba 127, na kwenye skrini ng'ombe anatokea na takataka katikati. Ipitishe faili kwenye amri hii kabla ya kuituma:

sed "s/’/'/g" barua.txt > /dev/ttyUSB0